Sergei Ignashevich na Ukuta wa Watu Wanne

Januari 2018 ilikuwa mbaya kwa magoti ya mabeki wa Urusi. Viktor Vasin wa CSKA Moscow alikatika kano ya goti. Georgi Dzhikiya wa Spartak Moscow akapatwa na yayo hayo. Wote wawili walitarajiwa kusimama katikati ya ngome ya timu ya taifa katika Kombe la Dunia ambalo nchi yao ilikuwa mwenyeji. Mwezi Mei, kikosi cha awali kikiwa kimeshatangazwa, Ruslan Kambolov wa Rubin Kazan naye akaumia misuli. Kocha Stanislav Cherchesov, ambaye enzi zake alikuwa golikipa na bila shaka alijua hofu ya kutazama ngome isiyo na mtu, akamrudisha Sergei Ignashevich, beki wa CSKA. Mzee huyo alikuwa ameshaiaga timu ya taifa tangu 2016, na siku yake ya kutimiza miaka 39 ingeangukia Julai 14, kesho yake ikiwa ni siku ya fainali.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Urusi ilikuwa ya 70 katika orodha ya FIFA, nafasi ya chini kuliko timu zote 32 zilizofika kwenye mashindano hayo. Ignashevich mwenyewe alibeba kumbukumbu ya Euro 2016 kule Ufaransa, pale Wales ilipoichapa Urusi mabao 3-0 na kuirudisha nyumbani, na mashabiki kwa malaki wakatia saini ombi la kutaka timu ya taifa ivunjwe kabisa. Yeye na mwenzake wa CSKA, Vasili Berezutski, ndio waliosimama katikati siku hiyo. Walionekana wazito na wamechoka, watu ambao mpira ulishawapita.

Ignashevich huyohuyo, hata hivyo, ndiye aliyeichezea Urusi mara nyingi kuliko mwingine yeyote. Aliondoka na mechi 127. Aliyekuwa anashika rekodi kabla yake ni Viktor Onopko, beki mwenzake wa kizazi kilichotangulia, aliyekuwa na mechi 109 za Urusi. Kichekesho ni kwamba wakati rekodi hiyo inavunjwa Onopko alikuwa kocha msaidizi hapo CSKA, akimnoa kila asubuhi mtu aliyekuwa anamvua taji.

Njia yake haikuwa ya kipaji kilichoibuliwa akiwa mtoto na kulelewa kwenye pamba. Ni mzaliwa wa Moscow, lakini alianza na klabu ndogo ya mji wa Orekhovo-Zuyevo, kisha akaenda Samara kuichezea Krylya Sovetov. Lokomotiv Moscow ilipomchukua mwaka 2001 alikuwa na miaka 21. Mwaka uliofuata Lokomotiv na CSKA zilimaliza ligi zikiwa na pointi sawa, ikabidi upigwe mchezo mmoja wa kuamua bingwa. Lokomotiv ilishinda 1-0 kwa bao la Dmitri Loskov. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza wa ligi, na aliupata kwa kuizuia timu ambayo baadaye ingekuwa nyumba yake.

Alihamia CSKA mwanzoni mwa 2004, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza. Alimkuta golini kijana anayeitwa Igor Akinfeev, ambaye hata miaka 18 alikuwa hajaitimiza, na mbele ya kijana huyo mapacha wawili, Vasili na Aleksei Berezutski. Akasimama kati yao. Watu hao wanne waliendelea kuwa pamoja hadi kiangazi cha 2018: misimu kumi na nne na zaidi. Makocha walikuja wakaondoka, Artur Jorge, Valery Gazzaev, Zico, Juande Ramos, Leonid Slutsky, Viktor Goncharenko. Washambuliaji waliuzwa, viungo wakauzwa, wachezaji kutoka Brazili, Afrika na Serbia wakapita wakielekea klabu kubwa zaidi. Ukuta ulibaki. Makombe matano ya ligi yalipatikana nyuma yake, ya 2005, 2006, 2013, 2014 na 2016.

Usiku wao mkubwa ulikuwa Mei 18, 2005, jijini Lisbon. Fainali ya Kombe la UEFA ilikuwa imepangwa kwenye uwanja wa Sporting, na Sporting ndiyo iliyofika fainali, kwa hiyo CSKA ilicheza ugenini kwa maana zote. Rogério aliwatanguliza Wareno kwenye kipindi cha kwanza. Aliyesawazisha ni Aleksei Berezutski, kwa kichwa, beki aliyepanda kufuata mpira wa adhabu. Yuri Zhirkov akaongeza la pili, Vágner Love akamalizia la tatu. Kwa mara ya kwanza klabu ya Urusi ikabeba kombe la Ulaya. Picha za siku ile zimejaa nywele zilizosukwa za Vágner Love, na ni haki yake. Lakini ukiutazama mchezo wenyewe utaona jinsi watatu wa nyuma walivyosogea pamoja, mmoja akitoka kumkabili mtu, wawili wakiziba nafasi aliyoiacha bila kutazamana wala kuitana.

Hapo ndipo pagumu kuandika habari za beki. Kazi yake haina picha. Ignashevich hakuwa na mbio. Mshambuliaji yeyote mwepesi angemshinda kwa mita ishirini. Alichokuwa nacho ni kusoma pasi kabla haijapigwa, pasi ndefu iliyofika pale alipoitaka, na mguu tulivu mbele ya penalti, ndiyo maana alifunga mabao kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa nafasi yake. Mengine yote yalikuwa maelewano. Alijua Vasili atageukia upande gani, alijua Aleksei atachelewa nusu hatua, alijua Akinfeev atatoka golini au atabaki. Maarifa ya namna hii hayafundishwi ubaoni kwa wiki moja. Huota taratibu kwa miaka, kwa makosa mengi yanayosamehewa.

Makosa yenyewe yalikuwepo, tena ya kuhesabika. Katika Ligi ya Mabingwa, Akinfeev alifungwa angalau bao moja katika mechi 43 mfululizo, kuanzia baada ya sare ya 0-0 na Arsenal mwishoni mwa 2006 hadi Novemba 2017, CSKA ilipoishinda Benfica 2-0. Rekodi hiyo huandikwa kwa jina la golikipa peke yake, jambo lisilo la haki hata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mechi hizo migongo aliyokuwa anaitazama mbele yake ilikuwa ileile mitatu. Kuna pia doa la Novemba 2009. Baada ya sare ya 3-3 na Manchester United pale Old Trafford, Ignashevich na Aleksei Berezutski walikutwa na chembechembe za dawa ya mafua ambayo klabu ilisahau kuitaja kwenye fomu. UEFA iliwafungia mechi moja kila mmoja. Lilikuwa kosa la karatasi, lakini jina la mchezaji likishawekwa karibu na neno dawa, vichwa vya magazeti havina subira ya kueleza.

Kwa hiyo huyu ndiye aliyeingia uwanjani Luzhniki Julai 1, 2018, katika hatua ya 16 bora dhidi ya Uhispania. Cherchesov alipanga mabeki watano na akaacha mpira kwa wageni, ambao walipiga pasi zaidi ya 1,000. Dakika ya 12 Uhispania ilipata mpira wa adhabu pembeni kulia. Ignashevich aliamua kumshika Sergio Ramos, na alimshika kwelikweli, kifua kwa kifua, mgongo wake ukielekea mpira. Wakaanguka pamoja. Mpira uliopigwa na Marco Asensio ukagonga kisigino chake na kuingia wavuni. Hakuuona. Ni bao la kujifunga lililofungwa na mtu aliyekuwa anafanya kazi yake kwa bidii iliyozidi kipimo: alimlinda mtu hadi akausahau mpira.

Artem Dzyuba alisawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, na kwa zaidi ya saa moja iliyobaki, muda wa ziada ukiwamo, Urusi ilijificha nyuma ya watu wake watano na kungoja matuta. Yalipofika, mpigaji wa pili wa Urusi alikuwa Ignashevich. Alitembea hadi kwenye nukta, akafunga. Akinfeev akaokoa ya Koke, kisha ya Iago Aspas kwa mguu, na Uhispania ikaenda nyumbani. Siku sita baadaye huko Sochi mambo yalikuwa yaleyale dhidi ya Kroatia, sare ya 2-2 na matuta tena. Ignashevich alifunga tena. Safari hii wenzake wawili walikosa, na Kroatia ikapita. Kwa namna hiyo beki aliyejifunga alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa amepiga mikwaju miwili kwenye presha kubwa kuliko zote na kufunga yote miwili.

Nafasi ya kulipa kosa lako kwa mkwaju ilikuwa haipo kabla ya 1970. Aliyeijua gharama ya kutokuwepo kwake ni beki mwingine wa CSKA, Albert Shesternyov.

Shesternyov alizaliwa Moscow Juni 20, 1941, siku mbili kabla ya majeshi ya Ujerumani kuvuka mpaka wa Umoja wa Kisovieti. Alikua mrefu, mwenye mbio, akawa beki wa mwisho wa CSKA, timu ya jeshi, na wa timu ya taifa. Alicheza mechi 90 za taifa bila kufunga hata bao moja, na takwimu hiyo inapaswa kusomwa kama sifa. Siku moja baada ya kutimiza miaka 23 alikuwa uwanjani Madrid, mbele ya Jenerali Franco, dikteta wa nchi hiyo, Uhispania ilipoifunga timu yake 2-1 katika fainali ya Ulaya kwa bao la kichwa la Marcelino dakika za mwishoni. Kushika nafasi ya pili kwa nchi ya Franco kulionekana Moscow kama aibu ya kisiasa, na kocha Konstantin Beskov akapoteza kazi.

Miaka minne baadaye, Juni 5, 1968, Shesternyov alikuwa nahodha mjini Naples katika nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Italia. Dakika 120 zilikwisha 0-0. Kanuni za wakati ule zilisema mshindi apatikane kwa sarafu. Mwamuzi Kurt Tschenscher wa Ujerumani Magharibi aliwaongoza manahodha wawili kwenda ndani, mbali na macho ya watazamaji walionyamaza kungoja. Nahodha wa Italia alikuwa Giacinto Facchetti, naye beki. Ngome mbili zilikuwa zimezuiana kwa saa mbili, na sasa mabeki wawili walisimama mbele ya kipande cha chuma ambacho hakuna anayeweza kukikaba. Facchetti ndiye aliyechagua upande, akapatia, akarudi mbio uwanjani kuwapa Waitalia habari. Italia ikawa bingwa wa Ulaya. Nyumbani waliobaki na hasira walihitaji mtu wa kumtupia lawama, na nahodha aliyeshindwa sarafu alikuwa karibu.

Juni 1970 bodi inayotunga sheria za soka ilipitisha mikwaju ya penalti, baada ya pendekezo lililotoka Israel, nchi iliyotolewa kwa kura kwenye Olimpiki ya Mexico. Naples haikuwa sababu pekee. Lakini ilikuwa miongoni mwa aibu zilizofanya sarafu isiweze kutetewa tena.

Shesternyov alipata faraja yake Desemba 1970. CSKA na Dynamo Moscow zilimaliza ligi zikiwa sawa kwa pointi, zikapelekwa Tashkent, ambako hali ya hewa ya Desemba inavumilika. Mchezo wa kwanza ulikuwa 0-0. Kesho yake Dynamo ikaongoza 3-1, na CSKA ikarudi kushinda 4-3. Bao la mwisho alilifunga Vladimir Fedotov. Kocha wa Dynamo alikuwa Beskov yuleyule wa Madrid, na Fedotov alikuwa mume wa binti yake. Mtu anaweza kuwazia mlo wa jioni katika familia ile. Mwaka huo Shesternyov alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Umoja wa Kisovieti, heshima ambayo mabeki hawapewi mara nyingi, popote.

Kisha akawa kocha. Aliipokea CSKA mwaka 1982, timu ikiwa haina tena nguvu za zama zake, na hakumaliza hata misimu miwili kamili. Mwaka uliofuata kuondoka kwake, 1984, timu ikashuka daraja. Katika masimulizi ya maisha yake kipindi hicho huchukua mstari mmoja, wakati mwingine nusu. Alifariki Novemba 1994 akiwa na miaka 53.

Ni rahisi kusema kwamba mchezaji mkubwa si lazima awe kocha mkubwa, na kila shabiki wa soka anaweza kutoa mfano wake. Kisa cha mabeki hawa kinagusa jambo jingine. Mshambuliaji akiwa kocha anaweza kununua mshambuliaji mwingine. Kiungo akiwa kocha anaweza kuonyesha pasi mazoezini, na ikaonekana imeshikwa. Lakini ukuta ambao Ignashevich aliuishi ulitengenezwa kwa kitu ambacho kocha hapewi kamwe, yaani muda mrefu na watu walewale. Mkataba wa kocha leo ni wa miaka miwili au mitatu, na mwenye timu akiona vipigo vitano mfululizo huanza kupiga simu.

Aleksei Berezutski aliyaona hayo kwa macho yake. Yeye na Vasili waliacha kucheza kiangazi kilekile cha 2018, kisha wakaenda Uholanzi kuwa wasaidizi wa Slutsky katika klabu ya Vitesse. Juni 2021 Aleksei alipewa CSKA yenyewe, timu aliyoifungia bao la Lisbon, huku Akinfeev akiwa bado golini. Juni 2022 alikuwa ameshaondoka. Mwaka mmoja. Nafasi yake ilichukuliwa na Vladimir Fedotov mwingine, asiye na undugu na yule wa Tashkent.

Ignashevich alichukua njia ndefu zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ilikuwa njia ya mtu aliyejua anachokosa. Hakungoja klabu kubwa. Mwaka 2019 alikwenda Torpedo Moscow, jina kubwa la zamani lililokuwa limerudi tu kwenye ligi ya pili kwa ukubwa kutoka chini zaidi. Alikaa hadi 2021 bila kuipandisha. Vuli ya mwaka huo akahamia Baltika, timu ya Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichobanwa kati ya Poland, Lithuania na bahari. Miezi michache baadaye ikaja vita ya Ukraine. Februari 28, 2022, FIFA na UEFA zilizifungia timu zote za Urusi, na anga ya nchi za Ulaya ikafungwa kwa ndege zake, hivyo kila safari ya Baltika kwenda mechi za ugenini ikawa ya kuzunguka juu ya maji ya Baltiki. Kwa kocha kijana wa Urusi milango ya nje ikajifunga siku hiyo pia. Ligi ya Mabingwa aliyoichezea kwa miaka mingi haikuwa tena mahali ambapo wachezaji wake wangeweza kuota kufika.

Alifanya kazi na kilichokuwepo. Msimu wa 2022/23 Baltika ilimaliza ya pili nyuma ya Rubin Kazan na kupanda Ligi Kuu, ambako haikuwa imecheza tangu 1998. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2018 hatimaye ukapata soka la daraja lake. Lakini ligi kuu ni ghali, na wachezaji wa kupandia mara nyingi si wa kubakia. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 timu ilikuwa ya 15 kati ya 16, ikashuka. Siku chache baadaye, Juni 2, timu hiyohiyo iliyoshuka daraja ilikuwa Luzhniki ikicheza fainali ya Kombe la Urusi dhidi ya Zenit, tajiri wa ligi nzima. Baltika ilipoteza 2-1. Ni nadra kuona msimu mmoja ukibeba sura mbili zinazopingana kiasi hicho: timu isiyoweza kujilinda wiki baada ya wiki, na ambayo hata hivyo ilijua kumkaba mpinzani katika mchezo mmoja wa mtoano. Baada ya hapo Ignashevich na Baltika wakaachana.

Kilichofuata ndicho kinachomfanya awe mgumu kuhukumiwa. Torpedo ilitwaa ubingwa wa ligi ya pili na kupanda mwaka 2022, msimu wa kwanza baada ya yeye kuondoka, chini ya Aleksandr Borodyuk. Baltika ilitwaa ubingwa wa ligi hiyohiyo na kurudi Ligi Kuu mwaka 2025, msimu wa kwanza baada ya yeye kuondoka, chini ya Andrei Talalaev. Mwenye ulimi mkali atasema dawa ya klabu hizo ilikuwa kumwondoa Ignashevich, na takwimu ziko upande wake. Lakini mtu aliyecheza miaka kumi na nne chini ya makocha sita atakuwa na hesabu tofauti kidogo. Gazzaev alipobeba kombe Lisbon, watatu wa nyuma na kijana wa golini walikuwa wameshasimama pamoja chini ya Artur Jorge, Mreno aliyemtangulia, na Slutsky alipoanza kukusanya ubingwa mwaka 2013, tayari walikuwa na karibu muongo mmoja wa kuzoeana. Hakuna kati ya makocha hao aliyeulizwa ni sehemu gani ya ukuta huo aliijenga mwenyewe, na ni ipi aliirithi kwa aliyefukuzwa kabla yake.